Kujitengenezea fremu ya baiskeli ya kaboni hapa Dar: hatua kwa hatua

Maswali ya wanaoanza ni yale yale: kaboni ipi ninunue, epoksi gani inafaa (gundi ya kuchanganya rezini na kigumishi chake, hadena), na je, fremu ya kutengeneza nyumbani haitakatika nikiwa barabarani? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Njia tunayoitumia ni ya kununua mabomba ya kaboni yaliyo tayari, kuyakata, kuyagandisha kwa epoksi, kisha kuvifunga viungo kwa vitambaa vya kaboni. Huhitaji kalibu ya kufinyangia, tanuri la kiwandani wala pampu ya kunyonya hewa.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Mabomba yenyewe ni nadra kukuangusha. Kinachoachia ni kiungo, na huachia kwa sababu tatu: uso haukusafishwa vizuri, chuma kiligusana na kaboni moja kwa moja, au epoksi haikukomaa kwa joto la kutosha. Hewa ya chumvi na jua la Dar huzidisha sababu mbili za mwisho, kwa hiyo huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Amua kwanza unatengeneza nini

Kwa fremu ya kwanza, tengeneza hivi: gurudumu la 700C lenye tairi ya upana wa milimita 32, breki za kubana rimu, habu ya nyuma ya milimita 135, na gia moja tu mbele isiyozidi meno 38. Breki za diski ziache kwa fremu ya pili, maana zinavuta mguu mmoja wa nyuma (bomba jembamba linalokwenda kwenye ekseli ya nyuma) kwa nguvu kubwa na kiungo chake kinahitaji hesabu nyingine.

Uma wa mbele nunua. Usiutengeneze. Fremu ikianza kuchoka huwa inalia au inapasuka polepole ukapata muda wa kushuka, lakini uma ukikatika unakwenda na uso chini papo hapo.

Vipimo vya kuanzia kwa mtu wa urefu wa sentimita 168 hadi 175:

- bomba la kiti: milimita 520, kutoka katikati ya kranki hadi juu, pembe ya digrii 73
- bomba la juu: milimita 545, ukipima kwa usawa
- bomba la usukani: milimita 140, pembe ya digrii 72
- miguu ya chini ya nyuma, kutoka kranki hadi ekseli ya nyuma: milimita 430
- kranki ikae milimita 70 chini ya mstari unaounganisha ekseli mbili

Hiyo 430 ina sababu. Ukifupisha, tairi na gia vinagombania nafasi ile ile kwenye miguu ya chini, na bomba la duara haliwezi kubonyezwa kama la chuma. Kwa 430, gia ya meno 38 inaishia kabla tairi haijaanza, na kila kimoja kinapata nafasi yake.

Pima uma wako kutoka ekseli hadi pale beringi ya chini inapokaa kabla hujachora chochote. Uma ukiwa mrefu au mfupi kwa milimita 20 kuliko uliouchora, pembe zote mbili zinahama kwa takriban digrii moja.

Vitu vya kuwa navyo

Mabomba, yote ya kaboni iliyosokotwa kwa matabaka:

- bomba la chini: kipenyo cha nje milimita 42 hadi 44, unene wa ukuta 1.5 hadi 2
- bomba la juu: milimita 33 hadi 35, ukuta 1.5
- bomba la kiti: ndani milimita 30, ukuta 1.5, pamoja na bushi ya kushusha hadi 27.2 ya nguzo ya kiti
- miguu ya chini: milimita 20, ukuta 2
- miguu ya juu, kutoka bomba la kiti hadi ekseli ya nyuma: milimita 16, ukuta 1.5

Angalia sana hapa. Kuna mabomba ya bei nafuu ambayo nyuzi zake zote zinakwenda upande mmoja, kwa urefu. Yanaonekana mazuri, yana mistari myeusi iliyonyooka, lakini yakipata msokoto yanapasuka kwa urefu kama muwa. Muulize muuzaji kama kuna matabaka ya digrii 45. Asipojua, usinunue. Mabomba utayaagiza nje, na kwa kuwa hakuna hata moja linalozidi mita moja, yanasafiri kama kifurushi cha kawaida.

Vyuma: bomba fupi la kranki, bomba la usukani na masikio ya ekseli ya nyuma (vibati vyenye ufa vinavyoishika ekseli). Njia rahisi ni kununua fremu ya chuma ya mtumba na kuikata. Kwa bomba la usukani tafuta la baiskeli ya milimani lenye tundu la milimita 34, linaloingiana na shingo ya uma ya inchi 1 na 1/8. Bomba la kranki pima upana wake: 68 ndilo unalolitaka, na kwenye upande wa cheni nyuzi zake za skrubu hukaza kinyume na mshale wa saa. Likiwa 70 achana nalo, vipuri vyake vinasumbua kupatikana. Yale ya baiskeli kubwa za mizigo zenye kranki ya pini nayo usichukue, nyuzi zake mara nyingi haziingiliani na vipuri vya baiskeli za mbio. Kama hupati fremu ya kukata, mafundi wa kukereza vyuma pale Gerezani watakutolea bomba la usukani ukiwapelekea vipimo na kikombe cha beringi cha kujaribia.

Vitambaa na gundi:

- kitambaa cha kaboni cha kusukwa kwa mshazari, gramu 200 kwa mita ya mraba: mita 3 za mraba
- utepe wa kaboni wenye nyuzi za upande mmoja, gramu 150 hadi 200: mita 1 ya mraba
- kitambaa chepesi cha faibaglasi, gramu 100 hadi 160: nusu mita ya mraba
- epoksi ya kulowanishia vitambaa pamoja na hadena ya polepole: kilo 1.5 kwa jumla
- unga wa silika wa kukazia epoksi. Ukiukosa, vumbi laini la mbao ngumu lililochekechwa na kukaushwa linafaa, na mafundi samani wa Keko wanalimwaga kila siku

Hapa kwenye gundi ndipo wengi wanapopotea. Ukiingia duka la vifaa vya faibaglasi ukaomba rezini tu, utapewa poliesta, ile ya matangi na boti. Utaitambua kwa harufu kali inayopanda kichwani na kwa kichupa kidogo cha kigandishi kinachowekwa asilimia 1 au 2 tu. Poliesta husinyaa inapokauka na haishiki vizuri kwenye chuma wala kwenye kaboni iliyokwisha komaa. Epoksi hupimwa kwa uwiano mkubwa, kwa mfano 100 kwa 30 au 2 kwa 1. Na epoksi nayo si moja. Ile ya kumwagia meza za mbao imetengenezwa kukauka ikiwa nene, ukiipaka nyembamba hubaki laini kwa siku nyingi. Ile ya sakafu ina vijazio ndani na haipenyi kwenye kitambaa. Omba ya kulowanishia vitambaa, na uone karatasi yake ya maelezo kabla ya kulipa.

Vifaa vingine: plaiwudi ya milimita 18 isiyopinda, nondo za nyuzi za milimita 10 na nati zake, mizani inayopima gramu moja, venia (kipimo cha kubana cha kupimia vipenyo), skweya, timazi, msasa namba 80, 120 na 240, asetoni, mifuko ya nailoni minene, kitambaa cha bitana cha poliesta, tyubu kuukuu za baiskeli, na tepu ya umeme.

Kinga: glavu za nitraili jozi zisizopungua 30, miwani, na barakoa ya vumbi ya P2 au FFP2. Zile za upasuaji hazizuii vumbi hili. Vumbi la kaboni linawasha, linaingia mapafuni, na linapitisha umeme, kwa hiyo usikate karibu na soketi, kompyuta wala redio. Kata huku ukilowesha maji. Epoksi nayo ikigusa ngozi mara kwa mara mwili huanza kuikataa, na mtu aliyefikia hapo akiigusa tena anavimba na kuwashwa, na hali hiyo haimwachi. Ikikugusa nawa kwa sabuni na maji. Usisugue kwa asetoni, inaipeleka ndani zaidi.

Hali ya hewa na saa ya kazi

Kila joto likipanda nyuzijoto 10, muda wa kufanya kazi na epoksi hupungua kwa takriban nusu. Hadena iliyoandikwa dakika 60 kwa nyuzijoto 25 itakupa kama 40 tu mchana wa Februari. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo mizuri kuliko yote. Masika usiguse kazi hii kama huna chumba kikavu.

Watu hukimbilia alfajiri kwa sababu kuna ubaridi. Si vizuri. Alfajiri unyevu wa hewa ya Dar uko juu kabisa, na jua likipanda hewa iliyofungiwa ndani ya mabomba inatanuka na kutoka kupitia kitambaa kibichi, ikiacha vitundu. Anza saa tisa alasiri, kivulini, ndani ya nyumba. Unyevu uko chini kwa siku hiyo, na joto linaposhuka jioni mabomba yanavuta hewa ndani badala ya kuisukuma nje.

Hatua za kazi

1. Tengeneza kiungo cha majaribio. Kata kipande cha bomba la kaboni na kipande cha chuma, viunganishe kwa utaratibu wote ulioelezwa hapa chini kwa matabaka manne, viache siku mbili, kisha vunja kwa nyundo. Tazama palipoachia. Ukiona nyuzi za kaboni zimeraruka na nyingine zimebaki zimeng'ang'ania chuma, uko sawa. Chuma kikitoka kinang'aa na kisafi, maandalizi yako hayatoshi. Rudia mpaka upate ya kwanza. Usiruke hatua hii.

2. Chora fremu kwa ukubwa wake halisi juu ya plaiwudi. Anza na mstari wa ekseli mbili, shuka milimita 70 upate kituo cha kranki, kisha pembe ya kiti, kisha mbele. Chora kwa kalamu nyembamba, unene wa mstari wa penseli ya fundi seremala tayari ni nusu milimita ya makosa.

3. Tengeneza jigi, yaani kiunzi cha kuishikilia fremu isisogee. Vyuma vitatu vinashikwa kwenye plaiwudi kwa nondo za nyuzi: bomba la kranki, bomba la usukani, na ekseli ya nyuma. Chonga koni za mbao za kuingia kwenye midomo ya bomba la usukani ili likae katikati. Kwa ekseli ya nyuma tumia nondo yenye nati mbili, masikio yaachane milimita 135 kamili. Mstari wa katikati wa vitu vyote vitatu uwe kwenye kimo kimoja kutoka juu ya plaiwudi, na ukague kwa venia, si kwa macho.

4. Safisha vyuma na uvizibe. Kata masalia ya mabomba ya zamani, sugua mpaka chuma cheupe kwa msasa 80, futa kwa asetoni na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kisichafuke tena. Nyunyiza maji safi: yakitandaa kama utando, uso ni safi, yakikusanyika vitone, bado kuna mafuta. Kausha, na ndani ya nusu saa paka epoksi nyembamba, kisha funga tabaka mbili za faibaglasi zinazofunika kila mahali ambapo kaboni itapita, na zaidi kwa milimita 5 kila ukingo. Hii ndiyo ngozi inayotenganisha chuma na kaboni. Pasipo hiyo, unyevu wa chumvi unageuza viungo vyako kuwa betri, na chuma kinaliwa taratibu chini ya kitambaa usikione. Aluminiamu huliwa haraka zaidi kuliko chuma cha kawaida, ndiyo sababu tumechagua chuma. Ziba nyuzi za bomba la kranki kwa nta au vikombe vya zamani vilivyopakwa grisi, lakini grisi isiguse nje.

5. Kata mabomba. Tumia kisu cha duara cha almasi au msumeno wa meno madogo sana juu ya tepu ya karatasi. Kila ncha inachongwa ikumbatie bomba inayokutana nalo. Chora umbo hilo kwenye karatasi, izungushie bombani, kata ukibakiza milimita 2, halafu malizia kwa msasa 80 uliozungushiwa bomba lenye kipenyo kile kile cha litakalokumbatiwa. Mwanya usizidi milimita moja. Epoksi nene inajaza mwanya ila haibebi mzigo. Kwenye bomba la kranki, vituo vya miguu miwili ya chini viachane milimita 46. Kwa masikio, chana ncha za miguu upate ufa wa kuingiza ulimi wa chuma kwa milimita 30 hadi 40.

6. Toboa matundu ya pumzi, ya milimita 3, ili kila bomba liwasiliane na jirani yake ndani ya kiungo, na moja liende nje kupitia bomba la kranki. Bomba lililofungwa pande zote litasukuma hewa kwenye kitambaa kibichi.

7. Panga vikavu kwenye jigi. Weka gurudumu la nyuma na tairi yake, weka kranki. Tairi ipate milimita 6 kila upande, gia isiguse mguu, na ukumbuke kiungo kitaongezeka milimita 4 kwa unene. Hapa ndipo pa kurekebisha. Ukishagandisha ni msumeno tu.

8. Gandisha. Sugua milimita 80 za kila ncha kwa msasa 120 mpaka mng'ao wote uishe, usifike kwenye nyuzi. Futa kwa asetoni. Changanya epoksi kidogo na silika mpaka iwe kama siagi ya karanga, paka, bana, acha saa 24. Kwenye jigi, tandika nailoni chini ya kila kiungo la sivyo fremu itagandamana na plaiwudi.

9. Jaza kona. Kwa mchanganyiko ule ule, lainisha kona zote za ndani zipate mviringo wa milimita 6 hadi 8, kwa kijiko au kipande cha bomba. Kaboni haipendi kupinda kwenye kona kali: inaacha pengo chini yake. Endelea na hatua inayofuata wakati kona hizo zimeshika lakini ukucha bado unaacha alama. Hapo matabaka yatashikana bila kusugua. Zikikomaa kabisa, osha kwa maji na sabuni kwanza, ndipo usugue. Epoksi ikikaukia kwenye unyevu hutoa utando wa mafuta juu yake, na msasa peke yake unausambaza tu.

10. Lowanisha na kukata kitambaa. Pima epoksi kwa mizani, siyo kwa macho wala vifuniko. Kwa uwiano wa 100 kwa 30, gramu 92 za rezini zinataka 28 za hadena, upate 120. Usichanganye zaidi ya hapo kwa mara moja, maana kopo lililojaa linajipasha lenyewe mpaka linatoa moshi. Koroga dakika tatu ukikwangua pembeni, mimina kwenye chombo kipana. Sasa tandika nailoni, juu yake kitambaa cha kaboni, mimina epoksi ya uzito sawa na kitambaa, funika kwa nailoni nyingine, sukuma kwa kadi ngumu mpaka weusi uwe sawasawa na ziada itoke. Kata vipande pamoja na nailoni zake, kwa mshazari wa digrii 45. Kitambaa hakifumuki, na mikono inabaki misafi. Bandua nailoni ya chini, bandika, bandua ya juu.

11. Funga viungo. Siku moja, kiungo kimoja au viwili. Idadi ya matabaka:
 - kranki: 14, unene wa karibu milimita 4
 - usukani: 12 kwa kila bomba
 - kiti: 10
 - masikio: 12

 Changanya: matabaka mawili ya mshazari, kisha mkanda wa utepe wa upande mmoja unaotoka bomba moja, unapita juu ya chuma, unaingia bomba la pili, kisha mshazari tena. Mishazari inabeba msokoto, mikanda inabeba mvuto. Ukitumia mshazari pekee fremu itakuwa laini kwenye pedali. Anza na vipande vifupi vya kufika milimita 35 juu ya bomba, kila tabaka mbili zifuatazo zivuke kwa angalau milimita 5, mpaka ufike 65 hadi 70. Ukiishia mahali pamoja, hapo ndipo ufa utakapoanzia. Kunjo lolote, lilainishe papo hapo au likate. Usilifunike.

12. Bana. Zungushia bitana, kisha nailoni uliyoitoboa kwa pini kila sentimita moja, kisha mikanda ya tyubu ya upana wa sentimita 2 iliyovutwa kwa nguvu, kuanzia katikati ya kiungo kwenda nje. Kwenye pembe nyembamba tepu ya umeme, upande wa gundi ukiwa nje, inafanya kazi nzuri zaidi. Epoksi itatoka kwenye vitundu, ndivyo inavyotakiwa. Bitana ijaribu kwanza kwenye kipande cha takataka: zingine zimepakwa dawa ya kung'arisha ambayo inabaki kwenye kiungo. Ukiibandua kesho yake inaacha uso wenye mkwaruzo safi, tayari kwa tabaka jingine.

13. Acha saa 24 hadi 48 kwenye jigi, halafu toa mikanda. Gonga kila kiungo kwa sarafu ya shilingi 200, sentimita kwa sentimita. Sauti kavu inayolia ni nzima. Sauti iliyofifia, ya kama kadibodi, kuna pengo chini yake.

14. Komaza kwa joto. Epoksi iliyokaukia kwenye nyuzijoto 30 huanza kulainika ikifika 50 hadi 60, na fremu nyeusi iliyoegeshwa juani adhuhuri hapa Dar inaweza kufika huko. Tengeneza kasha la maboksi lililotandikwa karatasi ya aluminiamu, weka balbu za joto nne na kipimajoto, na fremu ikiwa imeegemezwa sehemu zote tatu: kranki, usukani na ekseli ya nyuma. Pandisha nyuzijoto 10 kwa saa mpaka 60 au 65, shikilia saa 8, acha ipoe yenyewe. Umeme ukikatika katikati, anza kupandisha tena taratibu, hakuna kilichoharibika. Balbu zisiguse boksi, na usiache kasha peke yake.

15. Malizia matundu. Tundu la breki ya nyuma usilikokotoe: funga gurudumu, weka breki, tia alama kwenye daraja la miguu ya juu (kipande kinachoiunganisha miguu hiyo miwili). Bomba la kiti lipasue kwa mbele milimita 35, na mwisho wa ufa toboa tundu la milimita 5 ili ufa usiendelee. Kila tundu uliloacha uchi, pakaza epoksi.

16. Kagua unyoofu. Funga uzi kutoka sikio moja, uzungushe bomba la usukani, rudi sikio la pili. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti kila upande. Tofauti ya milimita 1 inavumilika, 2 utaihisi ukiachia usukani.

17. Jaribu kwa mzigo kabla ya kupaka rangi. Rangi inaficha nyufa. Funga uma na magurudumu, egemeza baiskeli wima, funga ubao juu ya nguzo ya kiti na upakie mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Acha saa nzima, sikiliza. Kisha toa mifuko, bana breki ya nyuma, simama kwa uzito wako wote kwenye pedali moja ikiwa mlalo, mara 50 kila upande. Mlio wa kuvunjika kijiti, hata mmoja, maana yake ni kusimama na kutafuta ulikotoka. Jaribio hili halifikii viwango vya ISO 4210 (viwango vya kimataifa vya usalama wa baiskeli), ambavyo fremu husukumwa pedali mara 100,000, kwa hiyo safari za mwanzo fanya kwenye uwanja au mitaa ya ndani, si Barabara ya Mandela katikati ya malori. Baada ya kila safari ya wiki ya kwanza, rudia sarafu.

18. Paka rangi. Epoksi uchi inaliwa na jua: inakuwa manjano, kisha unga. Mafundi rangi wa magari wanaweza kukupigia klia (rangi angavu isiyoficha kilicho chini) ya kukinga jua baada ya msasa 240. Ushauri wetu ni rangi nyeupe au ya kung'aa, hasa juu ya viungo. Weusi wa kaboni unapendeza, lakini unakunywa joto.

Kukiwa na shida

*Epoksi bado inanata baada ya siku mbili.* Uwiano ulikosewa au haukukorogwa. Joto halitaiokoa. Kwangua yote, futa kwa asetoni, anza kiungo upya. Kuongeza hadena juu yake hakusaidii.

*Ukungu mweupe juu ya uso.* Ni unyevu. Maji ya uvuguvugu, sabuni, brashi, kisha msasa. Kama uko kati ya matabaka mawili, tabaka la chini liko salama ukiliosha.

*Sarafu inatoa sauti iliyofifia eneo dogo kuliko ukucha, katikati ya bomba.* Toboa tundu mbili za milimita 1.5, sukuma epoksi kwa sindano upande mmoja mpaka itokee wa pili, bana. Pengo likiwa kubwa kuliko hapo, au liko kwenye ukingo wa chuma, saga kiungo na ukifunge tena.

*Fremu imevuta upande mmoja.* Kwa kawaida ilitolewa kwenye jigi mapema. Ikiwa kosa liko kwenye masikio kwa milimita 1 au 2, tupa inatosha kurekebisha mkao wa ekseli. Likiwa kwenye bomba la usukani, hakuna tiba zaidi ya kukata.

*Nguzo ya kiti inateleza.* Usizidishe kukaza kupita Nm 5 (newtonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Tumia mafuta mazito ya kaboni yenye chembechembe. Na nguzo ikiwa ya aluminiamu, itoe na kuifuta kila mwezi, la sivyo chumvi ya baharini itaigandisha humo ndani moja kwa moja.

*Mlio wa kukwaruza ukikanyaga.* Mara nyingi ni vikombe vya kranki, bolti za gia au nguzo ya kiti. Vitoe, vipake grisi, vikaze. Mlio ukibaki, mulika kwa tochi ukingo wa kiungo cha kranki upande wa cheni, chini, pale mguu unapoingia. Ukiona mstari mweupe mwembamba kama unywele unaofuata ukingo wa kitambaa, kiungo kimeanza kubanduka na baiskeli isipandwe tena mpaka kisagwe.

*Doa la kutu linatokeza kando ya chuma.* Faibaglasi haikufika ukingoni. Saga ukingo huo, kausha kwa joto la kasha kwa siku nzima, paka epoksi na uzungushe faibaglasi ipite nje ya kaboni kwa milimita 5. Kama doa limeshaingia chini ya kaboni na sarafu inatoa sauti iliyofifia hapo, fungua kiungo chote.